Ukanda wa Ubayana: Lenzi, Istilahi na Picha ya Mtafiti wa Fasihi Simulizi Katika Matuga

Utangulizi

Miongoni mwa vifaa ambavyo mwanafunzi wa fasihi simulizi hushauriwa kuvibeba anapokwenda nyanjani, kamera hutajwa aghalabu pamoja na kinasasauti, daftari na kalamu. Maelezo kuihusu huwa mafupi: kamera huhifadhi maleba, ishara za uso na miondoko ya mwili ambayo maandishi hayawezi kuibeba. Kauli hiyo ni ya kweli, lakini haijakamilika. Kamera haihifadhi kila kilicho mbele yake kwa kiwango kimoja. Huweka baadhi ya vitu wazi na kuvifunika vingine kwa ukungu, na mpaka baina ya makundi hayo mawili huamuliwa na lenzi pamoja na mkono wa anayeishika. Mtafiti asiyeufahamu mpaka huo huweza kurudi chuoni na picha mia moja za fanani, asipate hata moja inayoonyesha hadhira yake.

Makala haya yanakusudia kueleza mpaka huo, ambao hapa utaitwa ukanda wa ubayana: masafa ya mbele na nyuma ya kitu kilicholengwa ambamo vitu vyote huonekana wazi katika picha. Mifano imetolewa Matuga, katika Kaunti ya Kwale, sehemu yenye mwanga mkali wa pwani ya Tiwi, kivuli kizito cha misitu ya kaya, na ngoma za Wadigo ambazo wanafunzi wa Kiswahili huzifanyia utafiti. Hoja kuu ni kwamba ukanda huu si ukanda wa vitu vilivyo wazi kabisa, bali ni wa ukungu mdogo ambao jicho halitambui. Istilahi yake ya Kiswahili yapaswa kuundwa kwa kuzingatia ukweli huo.

Mwanga na umbo la kawa

Kila nukta ya kitu hutawanya mwanga pande zote. Sehemu ya mwanga huo hupita katika tundu la lenzi, na lenzi huukusanya upande wa pili hadi ukutane tena katika nukta moja. Umbo linalofanywa na mwanga huo ndani ya kamera ni kama kawa lililolazwa ubavu: mdomo wake mpana umeelekea lenzi, na ncha yake imeelekea filamu, au kihisi cha mwanga katika kamera za dijitali. Ncha ya kawa ikiangukia barabara juu ya filamu, nukta ya kitu huchorwa kuwa nukta ya picha, na hapo kitu huonekana wazi.

Hata hivyo, lenzi iliyolengwa kwa umbali fulani huipeleka ncha juu ya filamu kwa umbali huo mmoja tu. Kitu kilicho mbali zaidi ncha yake huishia kabla ya kuifikia filamu, na kitu kilicho karibu zaidi ncha yake hukusudia kuishia nyuma yake. Katika hali zote mbili filamu hulikata kawa mahali penye upana, na badala ya nukta huchorwa doa la mviringo. Madoa hayo yakipandana, kingo za kitu hupoteza ukali wake na picha hufunikwa na ukungu.

Iwapo hivyo ndivyo, mbona vitu vingi vilivyo mbele na nyuma ya umbali huo mmoja huonekana wazi? Jibu halimo katika lenzi bali katika jicho. Doa likiwa dogo mno, mtazamaji hulichukulia kuwa nukta. Kwa filamu ya milimita 35, watengenezaji wengi wa lenzi wamezoea kukubali doa lenye kipenyo cha milimita 0.03 hivi. Kipimo hicho hutokana na dhana kwamba picha itakuzwa mara saba au nane na kutazamwa kwa umbali wa kusomea kitabu, ambapo doa hilo litafikia takriban milimita 0.2, yaani karibu na mpaka wa uwezo wa jicho.

Natija yake ni muhimu kwa mwanafunzi wa lugha. Picha ileile inayoonekana bayana kote katika ukurasa wa jarida huweza kuonyesha ukungu inapokuzwa ikabandikwa ukutani na kutazamwa kwa karibu. Ukanda wa ubayana umepanuka au umefinyika ilhali picha ni ileile. Kama ilivyo kwa matini, sehemu ya maana yake hukamilishwa na msomaji.

Mambo matatu yanayoutawala ukanda

La kwanza ni tundu la lenzi. Ndani ya lenzi nyingi mna vipande vyembamba vinavyoweza kulifumbata au kulifumbua tundu. Ukubwa wake huandikwa kwa alama kama f/2, f/8 na f/16, na maana yake ni urefu wa fokasi uliogawanywa kwa namba hiyo. Lenzi ya milimita 50 ikiwekwa f/2 huwa na tundu la milimita 25; ikiwekwa f/8, milimita 6.25. Hii ndiyo sababu namba kubwa humaanisha tundu dogo, jambo linalowatatiza wanagenzi wengi. Tundu likiwa dogo, mdomo wa kawa huwa mwembamba, na filamu ikilikata nje ya ncha, doa linalobaki huwa dogo pia. Kwa hivyo tundu dogo hupanua ukanda wa ubayana.

Hesabu inabainisha ukubwa wa tofauti hiyo. Lenzi ya milimita 50 ikilengwa kwa mtu aliyesimama mita 3 mbele yake, kwa kutumia kipimo cha doa kilichotajwa, ukanda wake katika f/2 huanzia mita 2.8 hadi mita 3.2: sentimita 43 tu. Katika f/8 huanzia mita 2.3 hadi mita 4.2. Katika f/16 huanzia mita 1.9 hadi mita 6.9. Mtu hajasogea wala mpiga picha hajasogea. Kilichobadilika ni tundu.

La pili ni umbali wa kitu kilicholengwa. Lenzi hiyohiyo, ikiwa katika f/8, ikilengwa mita 1.5 hutoa ukanda wa sentimita 43 hivi. Ikilengwa mita 6, ukanda huenea kutoka mita 3.8 hadi mita 14. Ndiyo maana picha ya kipepeo juu ya ua msituni Shimba Hills huwa na bawa moja wazi na jingine katika ukungu, ilhali picha ya vilima hivyo kutoka mbali huwa wazi kote.

Takwimu hizi pia zinasahihisha kanuni iliyozoeleka kwamba theluthi moja ya ukanda huwa mbele ya kilicholengwa na theluthi mbili nyuma. Kwa umbali wa mita 1.5 pande hizo mbili hukaribiana. Kwa mita 6, sehemu ya nyuma huizidi ya mbele kwa karibu mara nne. Lililo sahihi ni kwamba nyuma huwa zaidi. Uwiano wenyewe haudumu.

La tatu ni urefu wa fokasi. Lenzi ya milimita 200 ikilengwa mita 3 katika f/8 hutoa ukanda wa sentimita 10, ilhali ya milimita 28 katika hali hiyohiyo hutoa ukanda unaoanzia mita 1.6 na kuzidi mita 30. Lakini hapa pana tahadhari. Mwenye lenzi ndefu kwa kawaida hurudi nyuma ili mtu aenee katika fremu kwa ukubwa uleule. Lenzi ya milimita 50 kwa umbali wa mita 3 na ya milimita 100 kwa mita 6, zote zikiwa katika f/8, humchora mtu kwa ukubwa unaokaribiana, na kanda zake ni mita 1.85 na mita 1.73. Tofauti ni ndogo sana. Faida ya lenzi ndefu ni ile ya kufika pasipofikika. Palahala wa Shimba Hills, hifadhi ya taifa iliyotangazwa mwaka 1968 na ambayo ndiyo makao ya palahala nchini Kenya, hawezi kukaribiwa kwa mita tatu. Akilengwa kwa mita 30 kwa lenzi ya milimita 200 katika f/5.6, ukanda huwa mita 7.6, wa kumtosha yeye na baadhi ya wenzake walio kando yake.

Ngoma, hadhira na hesabu ya mita saba

Na ichukuliwe kwamba mtafiti amefika Golini kurekodi sengenya, ngoma ya Wadigo inayochezwa kwa ngoma kadhaa na zumari. Mpiga zumari amesimama mita 3 kutoka kwa kamera. Wapiga ngoma wapo mita 4.5. Hadhira, wakiwemo akina mama wanaoitikia, imefika hadi mita 7. Kamera ina lenzi ya milimita 50 iliyowekwa f/8.

Silika humwelekeza mtafiti kumlenga mpiga zumari, kwa kuwa ndiye aliye karibu. Akifanya hivyo, ukanda wake utakoma mita 4.2: wapiga ngoma wataanza kufifia na hadhira itakuwa vivuli. Akiamua kulenga katikati kabisa, yaani mita 5, ukanda utaanzia mita 3.4 hadi mita 9.5. Hadhira itaonekana, lakini mpiga zumari atakuwa nje ya ukanda, na mita mbili na nusu za ubayana zitapotelea juu ya ukuta ulio nyuma ya watu.

Umbali ufaao kulengwa hupatikana kwa hesabu nyepesi: umbali wa karibu uzidishwe kwa umbali wa mbali, jibu lizidishwe mara mbili, kisha ligawanywe kwa jumla ya umbali huo miwili. Hapa, 3 mara 7 ni 21. Mara mbili ni 42. Ikigawanywa kwa 10 hupatikana mita 4.2. Lenzi ikilengwa mita 4.2 katika f/8, ukanda huanzia mita 3 na kukoma mita 7. Fanani, wapiga ngoma na hadhira wote wamo. Lenzi nyingi za zamani zina mistari iliyochongwa ubavuni inayoonyesha ukanda wa kila tundu, na mtafiti mwenye lenzi ya aina hiyo huweza kuusoma bila hesabu yoyote.

Suala hili linapita ufundi wa picha. Nadharia ya fasihi simulizi inasisitiza kwamba utendaji haukamiliki pasi na hadhira na muktadha. Picha inayomtenga fanani kwa kuifuta hadhira humgeuza mwimbaji wa jamii kuwa msanii wa jukwaani. Msomaji atakayeitazama baada ya miaka thelathini hatajua kama waliomzunguka walikuwa watoto au wazee, kama walikaa au walisimama, wala kama waliitikia kwa makofi. Ukungu wa aina hiyo ni upotevu wa data, na haufidiwi baadaye, maana picha haiwezi kuulizwa swali la ziada.

Gharama ya tundu dogo

Kutokana na maelezo hayo, huenda msomaji akahitimisha kwamba tundu dogo lifaa kutumiwa daima. La hasha. Tundu linapofinywa kutoka f/2 hadi f/8, mwanga unaoingia hupungua mara 16. Hadi f/16, mara 64. Ufukweni Tiwi wakati wa adhuhuri upungufu huo haudhuru. Chini ya mwembe jioni, mambo hugeuka. Ikiwa f/2 ilihitaji mwanga uingie kwa sehemu moja ya 125 ya sekunde, f/8 itahitaji karibu sehemu moja ya nane. Katika muda huo mkono wa mpiga ngoma utakuwa umekwisha kupanda na kushuka, na katika picha utaonekana kama moshi. Ukungu wa umbali umeondolewa, ukungu wa mwendo umeingia.

Aidha, tundu likifinywa kupita kiasi, mathalani f/22, mwanga hupinda unapopita kwenye kingo zake na kulegeza ukali wa picha nzima. Kwa hiyo mtafiti hana budi kuchagua. Anaweza kuongeza wepesi wa filamu au wa kihisi na kuvumilia chengachenga. Anaweza kurudi nyuma ili umbali uupanue ukanda. Anaweza kutumia lenzi fupi. Anaweza pia kupiga picha mbili, moja ya fanani na nyingine ya hadhira, na kuandika katika daftari kwamba zilipigwa kwa wakati mmoja. Njia hii ya mwisho haihitaji kifaa chochote cha ziada.

Simu na ukungu wa kutungwa

Leo watafiti wengi hupiga picha kwa simu. Lenzi kuu ya simu aghalabu ina urefu halisi wa fokasi wa milimita chache tu, na kihisi chake ni kidogo mno kikilinganishwa na filamu ya milimita 35. Matokeo yake ni ukanda mpana: kwa simu nyingi, mtu akilengwa mita 3, kila kitu kuanzia mita moja na nusu hivi hadi upeo wa macho huwa wazi. Kwa rekodi ya ngoma, hiyo ni neema.

Hata hivyo, tangu miaka ya 2010 simu zimewekewa programu inayoutunga ukungu kwa hesabu. Programu hukisia yupi ni mtu na ipi ni mandhari, kisha huifunika mandhari kwa ukungu ambao lenzi haikuufanya. Makisio hayo hukosea: zumari huweza kukatwa katikati, na ushanga ukamezwa pamoja na majani yaliyo nyuma yake. Kwa picha ya harusi huenda kasoro hiyo isijalishe. Kwa picha ya utafiti, ni kuhariri ushahidi. Inafaa mtafiti aizime programu hiyo kabla ya kuanza kazi.

Ukungu kama stara

Pamoja na hayo, pana nyakati ambapo ukanda mwembamba ndio ufaao. Kaya Waa na Kaya Tiwi zimo Matuga, na Kaya Kinondo, iliyoko kusini zaidi upande wa Diani, ni miongoni mwa kaya za Wamijikenda zilizoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2008. Kaya ni mahali patakatifu. Yanayoweza kupigwa picha na yasiyoweza huamuliwa na wazee wenyewe, na neno lao hutangulia haja ya mtafiti. Mzee akiridhia kupigwa picha yeye peke yake ukingoni mwa msitu, f/2 kwa umbali wa mita moja na nusu itauacha uso wake wazi na kuufanya msitu kuwa rangi ya kijani isiyosimulia lolote.

Lakini ukungu si badala ya idhini. Mtu aliye nje ya ukanda huweza bado kutambuliwa kwa umbo lake, kwa leso yake au kwa mahali aliposimama. Anayestahili kufichwa hafichwi kwa tundu pana. Huachwa nje ya fremu.

Kuhusu istilahi

Sasa yawezekana kurejelea suala la jina. Istilahi ya Kiingereza ikitafsiriwa neno kwa neno, hupatikana "kina cha uga". Maneno yote mawili ni Kiswahili safi, na bado maana haipatikani. "Kina" kwa mwanafunzi wa ushairi ni mlingano wa sauti katika mshororo. Kwa mvuvi ni urefu wa maji kwenda chini. "Uga" ni uwanja, na katika fizikia hutumika kwa nguvu za sumaku. Anayelisikia jina hilo kwa mara ya kwanza huenda akadhani linahusu kitu kirefu kilicho ndani ya lenzi. Hatari hiyohiyo ipo kwa doa lililoelezwa hapo juu. Wazungumzaji wa Kiingereza huliita duara la mkanganyiko, ilhali hapana kinachokanganya. Ni mwanga uliokosa kukutana. "Doa la ukungu" hulieleza bila kuhitaji ufafanuzi.

"Ukanda wa ubayana" lina faida tatu. Kwanza, ukanda una mwanzo na mwisho, nao huweza kuwa mpana au mwembamba, jambo linaloafikiana na hesabu zilizotolewa. Pili, ubayana ni sifa ya kinachoonekana kwa mtazamaji, wala si ya kitu chenyewe, na hivyo jina linabeba ukweli kwamba jicho ndilo mwamuzi. Tatu, jina linazaa mengine kwa urahisi: mwanzo wa ukanda, mwisho wa ukanda, kuupanua, kuufinya, kuuvusha nyuma. Istilahi isiyoweza kuzaa vitenzi vyake darasani hubaki kamusini.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba lenzi huona wazi umbali mmoja tu, na kwamba vilivyo karibu na umbali huo huonekana wazi kwa sababu ukungu wao haujafikia kiwango cha kutambuliwa na jicho. Tundu, umbali na urefu wa fokasi huupanua au kuufinya ukanda huo, na kila upanuzi una gharama yake ya mwanga na muda. Kwa mwanafunzi anayekwenda Golini, Mkongani au Waa, funzo ni kwamba uamuzi kuhusu nani ataonekana hufanywa kabla ya kidole kubonyeza. Inapendekezwa kwamba, pamoja na jina la fanani, tarehe na mahali, daftari la nyanjani liandikwe pia umbali uliolengwa na tundu lililotumika, na watu waliokuwapo nje ya ukanda. Msomaji wa baadaye atajua kwamba penye ukungu palikuwa na watu.